Vidonge vya 'kuyeyusha chokaa' ya moyo: Utafiti unasema nini?

HUKU maradhi ya moyo yakizidi kuzungumzwa katika familia nyingi nchini, biashara ya vidonge vya virutubisho vinavyoahidi kulinda moyo na mishipa ya damu nayo imejipatia soko. Mkazi wa Kaunti ya Machakos anayevitafuta hana haja ya kufunga safari hadi Nairobi. Huvikuta kwenye rafu za maduka ya dawa, huletewa na wachuuzi wanaozunguka maofisini, au huviagiza kwa simu akiwa Kangundo, Masinga au Mwala.

Miongoni mwa bidhaa hizo ni vidonge vya vitamini K2. Ahadi yake inavutia. Inasemekana kwamba vitamini hiyo huiondoa kalsiamu mahali isipotakiwa, yaani kwenye vali za moyo na kuta za ateri, na kuipeleka inakohitajika, yaani mifupani. Mara nyingi ahadi hiyo husindikizwa na maneno mawili yenye uzito mkubwa masikioni mwa mnunuzi: imefanyiwa utafiti.

Maneno hayo ni ya kweli. Vitamini K2 imefanyiwa utafiti, tena katika hospitali zenye sifa na kwa gharama kubwa. Lakini mwanafunzi aliyefanya mtihani si lazima awe amepita. Muuzaji anayetangaza kwamba bidhaa yake ilifanya mtihani, kisha akanyamaza kuhusu matokeo, amesema nusu ya habari.

Nusu hiyo iliyofichwa ina maana kubwa kwa mnunuzi wa kawaida, kwa sababu inahusu pesa zake. Kwa kundi moja la wagonjwa, wale waliowekewa vali za chuma moyoni, inahusu uhai wenyewe.

CHOKAA HUFIKAJE MOYONI?

Moyo wa binadamu una vali nne. Kazi yake ni kama ya milango inayofunguka upande mmoja tu: hupitisha damu mbele na kuizuia isirudi ilikotoka. Vali ya aota ndiyo mlango wa mwisho kabla damu haijatoka moyoni kwenda kulisha mwili mzima.

Kadiri miaka inavyosonga, vali hiyo huweza kujaa kalsiamu, ikakakamaa na kushindwa kufunguka sawasawa. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ipite kwenye upenyo uliobanwa. Mgonjwa huanza kuishiwa pumzi akipanda kilima, huhisi maumivu ya kifua, na pengine huzirai. Hali kama hiyo hutokea pia kwenye kuta za ateri, ikiwemo mishipa inayolisha moyo wenyewe.

Watu wengi huidhania kalsiamu hiyo kuwa kama magadi yanayoganda ndani ya birika, ambayo yanaweza kukwanguliwa au kuyeyushwa. Sivyo. Wataalamu wamekwishaonyesha kwamba chembe hai zilizomo ndani ya vali na mishipa hubadilika zikaanza kufanya kazi inayokaribiana na ile ya kujenga mfupa. Ndiyo sababu hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa inaweza kuirudisha nyuma hali hiyo kwenye vali. Vali ikiharibika kupita kiasi, tiba ni kuibadilisha.

Hapo ndipo vitamini K inapoingia. Mwili una protini inayozuia kalsiamu isijikusanye kwenye mishipa, lakini protini hiyo haifanyi kazi mpaka iamshwe na vitamini K. Mwaka 1997, wanasayansi walitangaza kwamba panya waliozaliwa bila protini hiyo walijaa kalsiamu kwenye ateri na kufa katika muda wa takriban miezi miwili tu. Swali likazuka: Je, binadamu akiongezewa vitamini K, kinga hiyo itaamka na kuzuia chokaa?

Lilikuwa swali la maana, na lilistahili kujibiwa.

MATUMAINI YA MWANZO

Dalili ya kwanza kubwa ilitoka Uholanzi mwaka 2004. Watafiti mjini Rotterdam walifuatilia watu 4,807 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waligundua kwamba waliokula chakula chenye vitamini K2 kwa wingi, hasa jibini, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo na wa kuwa na kalsiamu nyingi kwenye aota kuliko waliokula kidogo. Tofauti ilikaribia nusu.

Matangazo mengi ya vidonge hivi huishia hapo. Ilhali utafiti wa aina hiyo huonyesha tu kwamba mambo mawili yanaandamana; hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Mtu akigundua kwamba wakazi wa Machakos wenye magari huugua malaria mara chache kuliko waendao kwa miguu, hawezi kuhitimisha kwamba gari ni kinga ya malaria. Mwenye gari huenda pia ana nyumba yenye wavu madirishani, chandarua kitandani na pesa za kumwona daktari mapema.

Mwaka 2017, watafiti nchini Ujerumani walipiga hatua zaidi. Waliwachukua wagonjwa 99 ambao vali zao za aota zilikuwa zimeanza kujaa kalsiamu, wengine wakapewa vitamini K1 na wengine wasipewe. Baada ya mwaka mmoja, kalsiamu iliongezeka kwa asilimia 10 kwa waliopewa vitamini na kwa asilimia 22 kwa wasiopewa.

Matokeo hayo yalitia moyo. Hata hivyo, kundi lilikuwa dogo, muda ulikuwa mfupi, na wahusika walijua nani anapewa vitamini na nani hapewi. Watafiti wenyewe waliuchukulia utafiti huo kuwa wa kufungua njia. Ilibaki kazi ya kufanya jaribio kubwa zaidi ambalo mgonjwa na daktari wote hawajui ni nani anameza nini.

DENMARK YATOA JIBU

Kazi hiyo ilifanywa Denmark, nchi ambayo ina historia na vitamini hii. Ni mwanasayansi wa huko, Henrik Dam, aliyeigundua, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Herufi K yenyewe inatokana na neno linalomaanisha kuganda kwa damu, kwa kuwa bila vitamini hiyo damu haigandi ipasavyo.

Katika jaribio hilo, lililopewa jina la AVADEC, wanaume 365 wenye umri wa miaka 65 hadi 74 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walikuwa na kalsiamu kwenye vali ya aota, lakini vali hizo hazikuwa zimefikia hali mbaya. Kundi la kwanza lilipewa kila siku mikrogramu 720 za vitamini K2 pamoja na vitamini D. Kundi la pili lilipewa vidonge vya mfano huohuo visivyo na dawa yoyote. Mioyo yao ilipigwa picha za CT mwanzoni, baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kalsiamu iliongezeka katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika. Walipoanza, watafiti walitumaini kwamba vitamini ingepunguza kasi ya ugonjwa. Walipomaliza, walikiri kwamba haikufanya hivyo.

Si Denmark peke yake. Mwaka 2020, madaktari wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliohusu wagonjwa 132 wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, watu ambao mishipa yao hujaa kalsiamu haraka sana. Wale walioongezewa vitamini K2 hawakuonyesha nafuu ya kalsiamu ikilinganishwa na wenzao.

Haki inadai pia kusema yaliyosalia. Data za Denmark zilipochambuliwa upya kuhusu mishipa inayolisha moyo, wanaume waliokuwa na kalsiamu nyingi sana tangu mwanzo walionekana kupata ahueni kidogo. Lakini matokeo ya kikundi kilichochomolewa ndani ya kundi kubwa huweza kuwa ya bahati tu. Kwa sababu hiyo, watafiti hawakukimbilia kuwauzia watu vidonge. Waliandaa jaribio jingine kulichunguza jambo hilo peke yake.

Kwa ufupi, hali ilivyo ni hii: kwa vali za moyo, vitamini K2 imejaribiwa ipasavyo na haikuonyesha faida. Kwa mishipa inayolisha moyo, swali bado liko wazi. Hakuna kati ya majibu hayo mawili linalompa mtu ruhusa ya kuandika kwenye kibandiko kwamba kidonge "huyeyusha chokaa".

Wala vitamini K2 si ya kwanza kuanguka katika mtihani huu. Dawa za kupunguza lehemu, ambazo faida yake katika kuzuia mshtuko wa moyo haina ubishi, nazo zilidhaniwa kuwa zingeweza kuzuia vali kukakamaa. Zilijaribiwa kwa wagonjwa 155 huko Scotland katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, na kwa wagonjwa 1,873 katika utafiti mwingine wa Ulaya wa mwaka 2008. Mara zote mbili, ugonjwa wa vali uliendelea kama kawaida. Kama dawa zenye nguvu kiasi hicho zilishindwa, mnunuzi ana kila sababu ya kuuliza maswali zaidi anapoambiwa kwamba kidonge cha dukani kimeweza.

SOMO LA KEMRON NA LOLIONDO

Wakenya wenye umri mkubwa hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya tangazo na thibitisho. Mwaka 1990, enzi za utawala wa Rais Daniel arap Moi, nchi ilitangaziwa kwamba Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ilikuwa imepata dawa ya ukimwi iliyoitwa Kemron. Wagonjwa walisemekana kuongeza uzito na kurudi kazini. Habari zikavuka mipaka, na fahari ya taifa ikapanda.

Kasoro ilikuwa moja: utafiti wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganishia. Hapakuwa na wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ili ijulikane iwapo nafuu ilitokana na Kemron au na mambo mengine. Majaribio yenye kundi la kulinganishia yalipofanywa baadaye, likiwemo lililofanyika Uganda, faida iliyotangazwa haikuonekana.

Mwaka 2011, misururu ya magari kutoka Kenya ilivuka mpaka kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Baadhi ya waliokwenda waliacha dawa zao za kisukari, shinikizo la damu na ukimwi. Mfa maji haachi kutapatapa, na hakuna wa kumlaumu mgonjwa kwa kutafuta uzima. Lawama ni ya wale wanaojua, au wanaopaswa kujua, kisha wakanyamaza.

Tofauti ya vidonge vya leo ni kwamba vinakuja vimevaa koti la sayansi. Kibandiko kina majina ya kitaalamu, namba za mikrogramu na picha ya moyo uliopakwa rangi. Kikombe cha Babu hakikudai kufanyiwa utafiti. Vidonge hivi vinadai, na ndiyo maana vinapaswa kuulizwa matokeo.

VALI ZA MACHAKOS SI ZA DENMARK

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hulisahau. Wanaume wa Denmark waliojaribiwa walikuwa wazee wa kati ya miaka 65 na 74, ambao vali zao zilichakaa kwa umri. Katika nchi za Afrika, sehemu kubwa ya wagonjwa wa vali si wazee. Ni watoto, vijana na akina mama wenye umri wa kuzaa.

Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 kutoka nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen, uliwakuta wagonjwa ambao nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Wengi walikuwa wanawake. Adui wao hakuwa uzee. Ilikuwa ni homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi.

Mtoto huumwa koo, hupona au huonekana kupona. Wiki chache baadaye, kinga ya mwili wake, ikidhani bado inapigana na bakteria, hushambulia viungo na moyo. Mashambulizi yakirudiwa, vali hupata makovu, hunata na hatimaye hukakamaa. Kalsiamu huja baadaye, kama mgeni anayeingia nyumba ambayo imekwisha kubomoka. Kumpa mgonjwa huyo kidonge cha kupambana na kalsiamu ni kuukimbiza moshi na kuuacha moto ukiwaka.

Ugonjwa huu hupenda msongamano. Watoto wanaolala wengi katika chumba kimoja huambukizana haraka. Kwa kaunti kama Machakos, yenye vijiji vilivyotawanyika upande wa Yatta na Masinga, na papo hapo mitaa inayofurika watu Mlolongo na Athi River, hilo si jambo la kupuuzwa. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 1,421,932 katika kaunti hiyo.

Habari njema ni kwamba kwa ugonjwa huu kuna kinga iliyofaulu mtihani, tena mtihani uliofanywa jirani. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwachukua watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 ambao vali zao zilikuwa na dalili za mwanzo zinazoonekana kwa mashine tu. Waligawanywa kwa kura. Nusu walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na nusu hawakudungwa.

Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 33 wa kundi lisilodungwa, sawa na asilimia 8.2. Katika kundi la penisilini, waliozidiwa walikuwa watatu tu, yaani asilimia 0.8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022, mwaka uleule ambao jaribio la Denmark lilitangaza kushindwa kwa vitamini K2.

Msomaji na ayaweke matokeo hayo mawili katika mizani. Upande mmoja kuna kidonge kinachotangazwa kwa mbwembwe, kilichojaribiwa na kisionyeshe faida kwa vali. Upande wa pili kuna sindano ya dawa ya zamani na ya bei nafuu, isiyo na wachuuzi wala mabango, iliyojaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki na kufaulu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta katika suala hili ni upasuaji wa moyo, ambao nchini Kenya unapatikana katika hospitali chache kama vile Kenyatta na Mater jijini Nairobi au Tenwek kaunti ya Bomet, na ambao familia nyingi hulazimika kufanya harambee ili kuugharimia.

HATARI KWA WENYE VALI ZA CHUMA

Mgonjwa aliyebahatika kufanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma hurudi nyumbani akiwa na sharti moja la maisha: kumeza dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa kawaida ni warfarini. Bila dawa hiyo, damu inaweza kuganda kwenye vali hiyo, vali ikakwama, au donge likasafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi.

Warfarini hufanya kazi kwa njia moja: huzuia mwili usitumie vitamini K. Yaani dawa inayomlinda mgonjwa huyo na kidonge anachouziwa ni mahasimu. Kila anachojenga daktari asubuhi, kidonge kinaweza kukibomoa jioni.

Wala si lazima kipimo kiwe kikubwa. Utafiti mdogo uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kwa baadhi ya watu wanaotumia dawa ya jamii ya warfarini, hata mikrogramu 10 za vitamini K2 kwa siku zilitosha kuvuruga nguvu ya dawa hiyo. Wanaume wa Denmark walikuwa wakipewa mara 72 ya kiasi hicho.

Linalotisha zaidi ni kwamba wagonjwa wa warfarini ndio wenye sababu kubwa ya kuvutiwa na tangazo. Wanajua kwamba vali zao ziliharibika. Wamesikia, na kuna ushahidi wa hilo, kwamba matumizi ya muda mrefu ya warfarini yenyewe huandamana na kalsiamu kwenye mishipa. Anapotokea mtu akiwaambia kwamba ana kidonge cha kuondoa kalsiamu hiyo, wako tayari kumsikiliza. Ni rahisi pia kumficha daktari, kwa kuwa wengi huona kwamba virutubisho si dawa na hivyo havihitaji kutajwa.

Wapo wanaodhani kwamba wakibadili warfarini kwa dawa mpya zaidi watakuwa wamelikwepa tatizo. Jaribio lililoitwa INVICTUS, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye maradhi ya vali yaliyotokana na baridi yabisi pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24, lilipima dawa mojawapo kati ya hizo mpya dhidi ya warfarini na dawa za jamii yake. Matokeo yake, nayo ya mwaka 2022, yalionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa kwa uchache. Kwa hiyo dawa hiyo ya zamani bado ina kazi, na kuivuruga ni kucheza na moto.

Hapa pana neno kuhusu mboga. Sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde, ambayo ni sehemu ya mlo wa kila siku Ukambani, yana vitamini K1 kwa wingi. Mgonjwa wa warfarini haambiwi aziache. Anashauriwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili daktari akipanga kipimo cha dawa, kisiyumbishwe. Kwa mtu asiyetumia dawa hiyo, mboga hizo ni chakula bora na hazihitaji tangazo. Muhimu kwa anayetumia warfarini ni kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho huonyesha kama dawa imezidi au imepungua.

NANI ANAMLINDA MNUNUZI?

Kisheria, mnunuzi hajaachwa yatima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuzitumia kwa faida yake. Kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu cha afya. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo mlinzi wa dawa, na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, hutoa alama ya ubora.

Lakini alama ya ubora husema kwamba bidhaa imetimiza viwango vilivyowekwa. Haisemi kwamba inaponya. Mnunuzi anayeiona alama hiyo akadhani serikali imethibitisha kwamba kidonge kinaondoa chokaa amejidanganya, na muuzaji asiyemrekebisha amemsaidia kujidanganya.

Mwanya mkubwa uko kati ya chakula na dawa. Dawa hudaiwa ushahidi wa kutibu kabla ya kuingia sokoni. Kirutubisho huingia kama chakula, kisha kinywa cha mchuuzi hukigeuza kuwa dawa. Kibandiko kinaweza kuandikwa kwa tahadhari kwamba kidonge "husaidia afya ya moyo", maneno yasiyomaanisha lolote mahususi. Kwenye kikao cha mauzo au kwenye ujumbe wa simu, maneno hayohayo huwa "hutibu".

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Kwa hivyo sehemu ya kazi hii inaweza kufanyika Machakos kwenyewe bila kungoja Nairobi. Wafanyakazi wa afya katika hospitali ya Machakos Level 5 na zahanati za mashinani wanaweza kumuuliza kila mgonjwa wa moyo swali moja la nyongeza: Ni vidonge gani vingine unavyomeza nyumbani? Walimu na wazazi wanaweza kufundishwa kwamba koo la mtoto lenye maumivu na homa ni jambo la kupelekwa zahanati. Na yapo maswali ambayo wawakilishi wa wadi wanapaswa kuiuliza serikali ya kaunti: Je, sindano za penisilini haziishi kwenye zahanati? Je, mgonjwa wa vali kutoka Yatta anaweza kupimwa INR karibu na kwao, au hulazimika kutumia nauli ambayo hana?

Shinikizo la damu nalo lisisahauliwe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kupima huchukua dakika chache. Faida ya kulitibu imethibitishwa mara nyingi kuliko ya kirutubisho chochote cha moyo kilichopo sokoni.

UTAFITI SI ADUI

Isieleweke kwamba watafiti wa vitamini K2 walipoteza wakati. Kinyume chake, walifanya jambo la heshima: walikuwa na wazo zuri, wakaliweka kwenye mizani, na mizani ilipokataa wakasema imekataa. Endapo jaribio jipya kuhusu mishipa ya moyo litaonyesha faida, itabidi wanaotilia shaka nao wakubali.

Funzo la Gulu ni kwamba Afrika Mashariki inaweza kuuliza maswali yake yenyewe na kuyajibu. Kenya ina taratibu zake: jaribio la dawa kwa binadamu hupitia kamati ya maadili, Bodi ya Dawa na Sumu na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Anayeamini kwamba kidonge chake kinazuia chokaa kwenye vali za Wakenya ana mlango wa kupitia, na mlango huo uko wazi. Akipita na kufaulu, hatahitaji wachuuzi wa kumsifia.

Hadi siku hiyo, mkazi wa Machakos anayeletewa kichupa chenye picha ya moyo ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Kilijaribiwa kwa watu gani? Kililinganishwa na nini? Matokeo yalikuwa yapi? Na kama ana vali ya chuma au anatumia warfarini, swali la nne ndilo la kwanza, na si la kumuuliza muuzaji bali daktari wake: Je, kidonge hiki kitaniua?